Kodi ya vila za Pwani yaishia wapi?

Likizo ya Desemba iliyopita, nilipokuwa Watamu kwa jamaa zangu, nilijiwa na mzee mmoja aliyeshika bahasha mkononi. Mzee huyo ni msimamizi wa vila ya Mwingereza mmoja karibu na ufuo, kazi ambayo ameifanya kwa zaidi ya miaka 20. Ndani ya bahasha mlikuwa na barua ya Kiingereza kutoka kwa mwenye nyumba, na kwa kuwa mzee alikuwa amesikia kwamba nafundisha mambo ya lugha katika chuo kikuu, aliona kuwa mimi ndimi hasa wa kumfasiria. Nikaisoma. Mwenye nyumba alitaka kujua iwapo kuna deni lolote la serikali ya Kenya juu ya fedha anazopata kwa kuwapangisha watalii nyumba ile wakati yeye mwenyewe hayupo. Bila kufikiri sana, nikamwambia mzee, "Anauliza kama kodi imelipwa."

Mzee alinitazama kwa mshangao. "Mwalimu," akasema, "kodi si hulipwa yeye mwenyewe? Wageni humtumia huko huko Ulaya kabla hawajapanda ndege. Mimi tangu nianze kazi sijapata kushika hata shilingi moja ya kodi. Sasa aniulize mimi?"

Kosa lilikuwa langu, si lake. Katika Kiswahili cha kila siku hapa Kenya, kodi ni ile pesa ambayo mpangaji humpa mwenye nyumba kila mwisho wa mwezi, na ile inayochukuliwa na serikali twaiita ushuru. Ndugu zetu wa Tanzania wao hulipa kodi kwa serikali, na ushuru kwao aghalabu ni ule wa forodhani au wa sokoni, ilhali mpangaji wao hulipa pango au kodi ya pango. Vitabu huvuka mpaka kutoka pande zote mbili, na mwanafunzi wetu hukuta "kodi ya mapato" katika kimoja na "ushuru wa mapato" katika kingine, asijue kama ni vitu viwili au kimoja. Katika makala haya nitashika desturi ya Kenya: kodi ni ya mwenye nyumba, ushuru ni wa serikali. Neno ushuru lenyewe tulilipata kutoka Kiarabu, na katika asili yake lina maana ya sehemu moja ya kumi. Msomaji asilisahau hilo la sehemu ya kumi, maana nitalirudia.

Swali la barua ile, hata hivyo, halikuwa la maneno tu. Kuanzia Diani hadi Kilifi, Watamu, Malindi na Lamu, ufuo wetu umejaa nyumba ambazo wenyewe wanaishi ng'ambo. Waitaliano wa Malindi ndio mashuhuri zaidi. Kuja kwao kunahusishwa na kituo cha San Marco cha kurushia setilaiti kilichojengwa katika miaka ya 1960, na leo vijana wa mji ule wanakisema Kiitaliano ambacho hakuna darasa lililowafundisha. Wapo Waingereza, Wajerumani na wengineo. Mgeni wa namna hii huja kwa wiki kadhaa katika mwaka, na muda uliobaki huipangisha nyumba yake kwa watalii. Kwake yeye hiyo ni nyumba ya likizo iliyo ng'ambo. Kwetu sisi ni nyumba iliyo jirani, yenye kisima, bawabu na paa la makuti linalohitaji kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Ardhi iliyo chini yake ameikodisha tu, maana Katiba ya 2010 katika kifungu cha 65 haimruhusu asiye raia kuishika ardhi kwa zaidi ya miaka 99.

Je, pato la nyumba hiyo latozwa ushuru na nani? Kanuni inayofuatwa karibu duniani kote ni nyepesi kueleza. Mtu ana miguu, fedha zina mabawa, lakini nyumba haina miguu wala mabawa. Kwa hiyo nchi ambamo nyumba imesimama ndiyo yenye haki ya kwanza ya kutoza ushuru kodi inayotokana nayo. Kanuni hiyo imo katika mkataba wa Kenya na Uingereza uliotiwa sahihi mwaka 1973 ili watu wasitozwe ushuru mara mbili kwa pato lile lile, na imo vilevile katika mkataba wetu na Ujerumani wa 1977. Sheria yetu ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, iliyoanza kutumika Januari 1, 1974, yasema hivyo hivyo kwa njia yake: pato lililopatikana Kenya hutozwa ushuru Kenya, awe mwenyewe anaishi hapa au anaishi kwingine. Haidhuru fedha zililipwa katika benki ya Milano au ya Manchester. Nyumba iko Watamu, basi pato ni la Watamu.

Mzee aliponisikia nikisema hayo alitikisa kichwa. Alidhani kwamba fedha ambazo hazijakanyaga Kenya haziihusu Kenya. Na nadhani si yeye peke yake anayedhani hivyo.

Utata mkubwa waja katika kiwango. Mkaazi wa Kenya anayepangisha nyumba ya kuishi, na ambaye kodi yake kwa mwaka ni kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni, hutozwa asilimia 7.5 ya kodi yote, bila kutoa gharama yoyote. Mpango huo ulipoanza mwaka 2016 kiwango kilikuwa asilimia 10; kilipunguzwa kuanzia Januari 2024. Mwalimu aliyekopa katika chama chake cha ushirika akajenga vyumba Mtwapa vinavyomletea Sh25,000 kwa mwezi, yaani Sh300,000 kwa mwaka, anadaiwa Sh22,500. Asiyekuwa mkaazi naye hutozwa asilimia 30 ya kodi yote, naye pia bila kutolewa gharama. Kwa kila Sh1 milioni ya kodi, mkaazi anadaiwa Sh75,000 na asiye mkaazi Sh300,000. Neno moja, "mkaazi", lina thamani ya Sh225,000.

Basi mkaazi ni nani? Nilipomuuliza mzee kama bwana wake ni mkaazi wa hapa, hakusita. "Ni mkaazi," akasema, "nyumba ni yake, na kila mwaka huja." Huenda mtu akamcheka, lakini asome kwanza sheria. Sheria yetu yasema kwamba mtu mwenye makao ya kudumu nchini Kenya ni mkaazi wa mwaka ule iwapo alikuwepo nchini kwa muda wowote ule katika mwaka huo. Haikutaja miezi wala wiki. Asiye na makao ya kudumu ndiye anayehesabiwa siku: 183 au zaidi katika mwaka, au wastani wa zaidi ya siku 122 kwa mwaka huo na miaka miwili iliyoutangulia. Kwa hiyo swali halisi ni kama vila ile, ambayo mwenyewe huilalia wiki sita na watalii huilalia miezi minane, ni makao yake ya kudumu. Bila shaka mawakili wanaweza kubishana juu ya hilo hadi jua litue, na mkataba wa nchi mbili una kanuni zake za kuamua mtu ni wa wapi pale ambapo nchi zote mbili zinamdai. Lakini mzee asiyejua sheria aliikaribia sheria kuliko bwana wake, ambaye katika barua alikuwa amejiita "mgeni" mara tatu.

Na si hilo peke yake. Sheria ya ushuru wa ziada ya thamani, ule ambao madukani tunauita VAT, imesamehe kodi ya nyumba za makaazi. Hapo hapo ikasema kwamba hoteli na malazi ya likizo hayamo katika makaazi. Mwenye biashara ya malazi ya likizo ambayo mapato yake yanafika Sh5 milioni kwa mwaka anapaswa basi kujiandikisha na kutoza asilimia 16. Nyumba ile ile, yenye vitanda vile vile na jiko lile lile, yaweza kuwa makaazi mbele ya mlango mmoja wa serikali na isiwe makaazi mbele ya mlango wa pili. Mimi hufundisha semantiki, na kila mwaka hutafuta mifano ya kuwaonyesha wanafunzi jinsi maana ya neno inavyotegemea ni nani anayelitumia na kwa lengo gani. Sikutarajia kuipata katika sheria za ushuru.

Waingereza nao wana mchezo wao wa maneno. Kwa miaka mingi sheria yao ilikuwa na jina maalumu la nyumba ya likizo yenye samani: ilipaswa kuwa tayari kupangishwa kwa siku 210 katika mwaka, na kwa kweli ipangishwe siku 105. Nyumba iliyotimiza masharti hayo ilipewa nafuu kadhaa, lakini kwa sharti kwamba iko Uingereza au katika nchi za Eneo la Kiuchumi la Ulaya. Vila ya Watamu, hata ikipangishwa siku 300, haikupata kuwa nyumba ya likizo mbele ya sheria hiyo. Mpango wenyewe ulifutwa Aprili 2025.

Sasa naomba wasomaji, hasa walimu wa hisabati, wanifuatie katika hesabu ndogo. Haivuki asilimia za shule ya msingi, lakini ndani yake ndimo ulimo moyo wa jambo hili.

Tuchukue kwamba vila ya Mwingereza imeleta kodi ya Sh1 milioni kwa mwaka, na kwamba gharama za kuitunza, yaani mshahara wa msimamizi na bawabu, stima, maji na makuti, ni Sh400,000. Faida ni Sh600,000. Mwingereza anayeishi kwao hutozwa ushuru na serikali yake juu ya mapato yake yote, yawe ya Uingereza au ya kokote ulimwenguni. Ikiwa mapato yake ni ya juu kiasi, faida hiyo itatozwa asilimia 40 huko, nazo ni Sh240,000. Lakini serikali yake haimtozi mara mbili. Humwambia: tuonyeshe ulicholipa Kenya, nasi tutakupunguzia kiasi hicho hicho, ila tu hatutapunguza zaidi ya kile ambacho sisi wenyewe tungekutoza.

Akiwa mwaminifu kwetu, atalipa Kenya asilimia 30 ya milioni, yaani Sh300,000. London watamsamehe Sh240,000 zao zote, wasipate kitu. Zile Sh60,000 zilizozidi hazirudishwi na mtu. Ni hasara yake.

Asipotulipa sisi, lakini akatangaza pato lake kwao, atalipa London Sh240,000. Kenya haipati kitu. Yeye ameokoa Sh60,000.

Nimeirudia hesabu hii mara kadhaa, maana mwanzoni sikuiamini. Mtu huyu ametunyima Sh300,000 naye amefaidi Sh60,000 tu. Zilizobaki, Sh240,000, hazimo mfukoni mwake. Zimo katika hazina ya Uingereza. Tunapomwazia mwenye vila anayekwepa ushuru wetu, picha inayotujia ni ya mtu aliyekalia gunia la fedha zetu. Ukweli ni kwamba mara nyingi gunia hilo amelibeba tu, akalipeleka kwa serikali yake. Nyumba iko Watamu, barabara ya kuifikia ni ya Kilifi, polisi wanaoilinda wanalipwa na Nairobi, na ushuru wake unatengeneza barabara za Kent.

Wapo, najua, wanaonyamaza pande zote mbili, kwetu na kwao. Hao ni wezi wa kawaida na dawa yao ni ya kawaida. Mimi nawazungumzia wale waoga na wenye kufuata taratibu, kama bwana wa mzee wangu, ambao kwao wanatangaza kila kitu na kwetu hawajui hata pa kuanzia.

Kwa watu hao kiwango chetu cha asilimia 30 ni mtego tuliojitegea wenyewe. Tuseme kingekuwa asilimia 10. Mwenye vila angetulipa Sh100,000, London wangempunguzia Sh100,000 hizo na kumtoza Sh140,000 zilizosalia, na jumla yake ingekuwa Sh240,000 zile zile ambazo angelipa hata asingetulipa senti. Asingepoteza chochote kwa kutulipa. Hata mwenye mapato ya chini, ambaye London ingemtoza asilimia 20 ya faida, yaani Sh120,000, asingepoteza chochote. Lakini mtu huyo huyo leo, akitulipa Sh300,000, anapoteza Sh180,000 kuliko kama angenyamaza. Tunamtaka awe mwaminifu kwa gharama ya Sh180,000 kwa mwaka, kisha tunashangaa kwamba hatumwoni.

Ningetoza, basi, sehemu moja ya kumi, ambayo ndiyo maana ya ushuru tangu zamani. Ni juu ya kile anachotozwa mwalimu wa Mtwapa, kama inavyofaa, nayo ni chini ya kile ambacho nchi za hao wageni zingewatoza kwa vyovyote. Asilimia 30 iliyoandikwa katika sheria na isiyolipwa ni sifuri.

Wako watakaosema kwamba huku ni kuwalegezea wageni, na tena katika Pwani hii hii. Pingamizi hilo silipuuzi hata kidogo. Serikali ya kikoloni ilianza kutoza kodi ya vibanda mwaka 1901, nayo haikuuliza kama kibanda kimepangishwa au kimeleta faida. Mtu alitozwa kwa kulala chini ya paa lake mwenyewe. Wagiriama waliokuwa wakiishi nyuma ya ufuo huu huu, kati ya Malindi na mto Sabaki na kusini hadi Kilifi, walitozwa kodi hiyo na kutakiwa kutoa vijana wao kwa kazi za wazungu, na mwaka 1913 Mekatilili wa Menza akawalisha kiapo cha kukataa. Alikamatwa na kupelekwa uhamishoni Kisii, akatoroka na kurudi. Vita vya 1914 viliwagharimu Wagiriama watu, mbuzi na nyumba. Mjukuu wa watu hao leo ndiye anayefagia majani katika bwawa la kuogelea la vila, na asikie mimi nikisema kwamba mwenye vila atozwe moja ya kumi badala ya tatu! Namwelewa akikasirika. Lakini hasira yake haitamletea mwalimu wa ziada katika shule ya mwanawe. Sehemu ya kumi iliyofika hazina yetu yaweza kumletea, na tatu iliyofika London haitamletea kamwe.

Na tuwaangalie hao hao Waingereza wanavyofanya nyumba zilizo kwao zikiwa za watu wetu. Mkenya aliyefanya kazi London akanunua nyumba huko, kisha akarudi Nakuru na kuipangisha, hawamngojei ajitokeze kwa hiari yake. Wakala anayemkusanyia kodi hulazimika kuzuia asilimia 20, baada ya kutoa gharama alizolipa, na kuipeleka kwa idara yao ya ushuru. Pasipo wakala, mpangaji mwenyewe hulazimika kufanya hivyo ikiwa kodi yapita pauni 100 kwa wiki. Mwenye nyumba asiyetaka kuzuiliwa huomba ruhusa kwa fomu, akiahidi kuwasilisha hesabu zake kila mwaka. Mzigo wamemtwisha aliye karibu, aliye chini ya mkono wa sheria yao, naye wamemweleza kwa lugha yake jinsi ya kuubeba.

Sisi nasi tunayo sheria ya kuzuia. Anayemlipa asiye mkaazi kodi ya nyumba iliyo Kenya anatakiwa kuikata ile asilimia 30 kabla hajamlipa. Lakini anayelipa ni nani? Ni familia ya Birmingham au ya Bologna iliyoiona vila katika intaneti. Haijui kwamba Kenya ina sheria hiyo, na hata ingejua isingekuwa na namba wala fomu ya kuitekeleza. Mabadiliko ya sheria ya Desemba 2024 yameanza kuwatazama wenye majukwaa ya intaneti ambamo malipo hupitia, na hiyo ni hatua. Bado kuna yule ambaye nyumba yake hupangishwa kwa kuambizana, rafiki kwa rafiki, na fedha zikahama kutoka benki moja ya Ulaya hadi nyingine mtaa huo huo. Mtu pekee aliye Kenya katika mnyororo huo mzima ni msimamizi. Ndiye anayejua wageni walifika lini na waliondoka lini. Mzee wangu ana daftari la miaka yote hiyo, kwa hati safi, majina na tarehe, na hakuna ofisa wa serikali aliyewahi kuliomba.

Hapa naingilia fani yangu, na nitajizuia. Kifungu cha 7 cha Katiba chasema kwamba lugha rasmi za nchi hii ni Kiswahili na Kiingereza. Sheria ya Ushuru wa Mapato imeandikwa kwa Kiingereza, na Kiingereza chenyewe ni kile ambacho hata mwalimu wa Kiingereza hukisoma akiwa amekunja uso. Hatuwezi kumtwika mzee wa Watamu wajibu ulioandikwa kwa lugha asiyoielewa. Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, ingeweza kuchapisha kurasa nne tu za Kiswahili kwa ajili ya wasimamizi wa nyumba za likizo: kodi ni nini, ushuru ni nini, mkaazi ni nani, nani akate na apeleke wapi. Itumie neno moja kwa jambo moja toka mwanzo hadi mwisho. Idara za Kiswahili katika vyuo vyetu zina watu wa kuifanya kazi hiyo, na wengine wangeifanya bila malipo kuliko kukaa wakingoja mishahara wakibishana juu ya asili ya viambishi.

Kuna upande wa pili ambao wasomaji wengine watauliza: je, Mkenya mwenye nyumba ya likizo Dubai? Jibu litawaudhi walimu. Kwa kuwa sheria yetu hushika pato lililopatikana Kenya, kodi ya nyumba iliyo ng'ambo kwa kawaida haimo katika wavu wake, na Dubai haimtozi mtu binafsi ushuru wa mapato juu ya kodi ya nyumba yake. Mwenye nyumba hiyo aweza kupokea kodi mwaka mzima bila kulipa ushuru popote. Tanzania na Uganda hazifanyi hivyo. Mkaazi wao hutozwa juu ya mapato yake ya dunia nzima, na akiwa amelipa ng'ambo hupunguziwa. Mwalimu wetu, ambaye mshahara wake hukatwa kabla hajauona, na vyumba vyake vya Mtwapa vikatozwa bila kutolewa hata gharama ya rangi, ana haki ya kuuliza kwa nini jirani yake mwenye fedha za kununua ng'ambo amesamehewa. Nami sijasikia Bunge likijadili swali hilo kwa dhati.

Turudi kwa mzee. Tulikaa barazani saa mbili nzima, tukamwandikia bwana wake jibu. Nililiandika kwa Kiswahili kwanza, mzee akalisikiliza sentensi kwa sentensi na kunirekebisha mahali pawili, kisha nikalifasiri. Tulimweleza kwamba pato la nyumba yake linatozwa ushuru Kenya, kwamba alichokilipa huku atapunguziwa kwao, na kwamba inambidi awe na PIN ya KRA. Mzee alitia sahihi. Tuliambatisha nakala ya daftari.

Jibu lilifika baada ya wiki tatu, nalo mzee alinisomea kwa simu, neno kwa neno, kwa matamshi yake. Mwenye nyumba alishukuru sana. Aliuliza PIN ni kitu gani, na kama mzee anayo, aazimwe.

Mzee anayo. Alitakiwa kuichukua alipofungua akaunti ya benki ya kupokelea mshahara wake, ambao haufiki zile Sh24,000 kwa mwezi ambapo ushuru huanza kuuma. Kila mwaka kabla ya Juni 30 yeye hupanda matatu hadi Malindi, huketi katika saiba, na humlipa kijana amjazie ritani ya kuiambia serikali kwamba hana la kutozwa.